Uzoefu wangu: seti ya ekzosi mbili ya inchi 2½ kwenye Chevelle Malibu ya 1970

Kabla hujatoa pesa: paipu za seti hii nazikubali, sailensa nazikubali nusu, kijitabu cha maelekezo hakina msaada. Kimeandikwa kana kwamba kila Chevelle (gari la Chevrolet la Marekani) ilitoka kiwandani na ekzosi mbili, na hapo ndipo kazi ya siku moja inapogeuka ya siku tatu.

Gari ni Malibu ya 1970, V8 ya inchi 350 za ujazo (lita 5.7), kabureta, manifoldi (vyuma vinavyopokea moshi kutoka kwenye silinda) zilezile za kiwandani. Awali lilikuwa na ekzosi moja: paipu za pande mbili zinakutana chini ya injini na kuendelea nyuma kama paipu moja ya inchi 2¼. Seti ina paipu 2 za mbele, H moja ya vipande viwili (paipu fupi ya kukingama inayounganisha mistari miwili ya ekzosi), sailensa 2, paipu 2 za nyuma zinazopanda juu ya difu, klampu 7 na hanga 4 za raba. Chuma chake kina unene wa milimita 1.65 na kimepakwa alumini. Ukipiga hesabu ya tundu la ndani, paipu hizi mbili kwa pamoja zina nafasi ya sentimita za mraba 57 hivi, dhidi ya 23 za ile moja ya zamani. Kwa 350 ambayo haijaguswa ndani, hiyo inatosha na kubaki. Anayekushauri uweke inchi 3 hajawahi kuingiza mkono kati ya difu na bodi ya gari hili.

Kitu cha kwanza usichokikuta sandukuni ni krosimemba, ile inayobeba mkia wa giaboksi. Gari la ekzosi moja huwa na krosimemba yenye nundu upande wa kulia tu. Kushoto imenyooka, kwa hiyo paipu ya pili haina njia isipokuwa kupita chini yake, na hapo itakuwa ndicho kitu kilicho chini kuliko vyote. Kila tuta litaisalimia. Nunua krosimemba ya nundu mbili kabla hujalegeza nati hata moja. Kuibadilisha si kazi ngumu: weka jeki chini ya giaboksi na kipande cha ubao katikati, fungua mpira wa giaboksi, kisha bolti za pembeni. Wapo wanaokata ile ya zamani kwa grenda ili paipu ipite. Usifanye hivyo, ndiyo inayobeba giaboksi.

Kufungua ekzosi ya zamani kuna sehemu moja tu ya kuogopa, nayo ni stadi (bolti zisizo na kichwa) 3 za inchi 3/8 kila upande pale paipu inapoungana na manifoldi. Zimepikwa miaka hamsini na zaidi. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu jioni, rudia asubuhi, na nati ikigoma ipashe moto wa gesi hadi iwe nyekundu huku laini ya mafuta ikiwa imekingwa na kizima moto kikiwa mkononi mwa mtu. Stadi ikikatika ndani, utatoboa kwa drili ukiwa umelala chali na vumbi la chuma likikuangukia usoni. Mimi natoa stadi zote sita hata zilizo nzima, naweka mpya pamoja na nati za shaba, maana shaba haishikani na chuma kwa kutu. Gasketi za duara za hapo nazo ziwe mpya.

Upande wa kulia, kati ya manifoldi na paipu, kuna vali ya kupashia joto injini ikiwa baridi. Izungushe kwa vidole. Ikiwa imeganda ikiwa imefunga, moshi wa upande wote huo utalazimika kupitia chini ya kabureta kwenda upande wa pili, na paipu mpya ya kulia itakuwa pambo. Ukiamua kuitoa, weka kipande chenye unene uleule mahali pake. Usipoweka, paipu ya kulia inapanda juu na kila kiungo kinachofuata kinakataa kulingana na mwenzake wa kushoto. Kijitabu hakina hata sentensi moja juu ya vali hii.

Sasa kufunga kwenyewe. Panga kila kitu kwanza bila kukaza: paipu za mbele, H, sailensa, paipu za nyuma, hanga. Kila paipu iingie ndani ya mwenzake kwa milimita 50 hivi. Weka alama ya kalamu ili baadaye ujue kama imechomoka. Na hili ndilo lenye thamani kuliko yote niliyoandika hapa: stendi za nyuma ziweke chini ya ekseli, si chini ya chesi. Gari likining'inia kwa chesi, ekseli inashuka na kuacha pengo kubwa la kupendeza juu yake. Unakaza, unashusha gari, ekseli inarudi juu na paipu inaanza kugonga kila shimo. Wengi wanaolalamika kwamba seti hii "inagonga" nadhani walifanya hivyo hasa.

Hata hivyo, upande wa kushoto una kasoro ya kweli. Paipu ya nyuma ya kushoto, kwenye kona inayopanda juu ya difu, ilikuwa imelalia chesi kabisa, wakati ya kulia ilikuwa na nafasi ya vidole viwili. Kuizungusha ndani ya sailensa kidogo kuelekea katikati ya gari kuliiachanisha na chesi lakini kukaisogeza karibu na mpira wa breki ulio juu ya difu. Dawa ikawa kusogeza sailensa yenyewe nyuma milimita 15 na kulirefusha tundu la hanga kwa tupa ili paipu isimame pale inapotaka. Kipimo changu: milimita 12 kutoka chuma chochote, 25 au zaidi kutoka mpira wa breki, laini ya mafuta na kebo ya breki ya mkono. Kisha jaribu kwa kuinua ekseli kwa jeki upande mmoja hadi springi ikaribie kubanwa yote, huku mwenzako akitazama. Fanya hivyo pande zote mbili.

Klampu zilizokuja nazo ni zile za bolti ya U. Zinabana, sikatai, lakini zinaminya paipu hadi inaingia bonde, na siku ukitaka kuifungua utakata. Nilizibadilisha zote 7 kwa klampu za mkanda mpana. Gharama yake haikuwa kubwa ukilinganisha na seti yenyewe, na faida utaiona siku giaboksi inahitaji kutoka: H inafunguka katikati, inatoka, kazi inaendelea. Kaza kuanzia mbele kwenda nyuma, hanga mwisho. Ukianzia nyuma unaivuta mistari yote miwili na gasketi za manifoldi ndizo zitakazolipa.

Kuhusu H, wanaodhani ni ya sauti tu wanakosea. V8 hii inawaka kwa mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2. Silinda namba zisizogawanyika kwa mbili ziko kushoto, nyingine kulia. Angalia: 8 na 4 zinafuatana, zote za kulia, 5 na 7 zinafuatana, zote za kushoto. Kila mara upande mmoja unatupiwa mapigo mawili mfululizo na mwingine uko kimya. H inampa yule aliyezidiwa njia ya pili, na mlio unakuwa mzito na wa sawasawa badala ya kukohoa. X, yaani paipu mbili zinazokutana na kupishana, inasawazisha zaidi lakini inapandisha mlio kuwa mkali. Kwa gari la 1970 nachagua H bila kufikiri. Ukitaka kuijenga mwenyewe, pigia paipu za mbele mstari wa rangi ya kawaida, endesha, kisha tazama rangi ilipoacha kuungua. H ikae hapo.

Washa ukiwa nje. Moshi mweupe wenye harufu utatoka nusu saa hivi. Ni mafuta yaliyobaki kwenye paipu, si injini. Injini ikiwa bado baridi, mtu azibe midomo yote miwili kwa matambara mazito kwa sekunde chache: penye mwanya patafanya "sss". Mwanya karibu na manifoldi ndio unaoleta milipuko midogo ukiachia mafuta, kwa sababu hewa inavutwa ndani. Mwanya wowote chini ya sehemu ya abiria si wa kuahirisha, moshi wa kaboni monoksaidi hauna harufu ya kukuamsha. Kagua pia raba ya mlango wa buti. Baada ya kilomita 100 hivi, kaza klampu zote upya.

Baada ya hapo toa plagi uzitazame. Zikiwa nyeupe kupita kiasi, mchanganyiko umepungua mafuta na jeti za kabureta (vitundu vinavyopima mafuta) zinahitaji kupandishwa namba moja au mbili. Sikulipandisha kwenye mashine ya kupima nguvu, kwa hiyo sina idadi ya nguvu za farasi ya kukutajia. Nilichokisikia ni kwamba injini haichoki tena ikipita mizunguko 4,000 kwa dakika. Chini ya 2,500 sioni tofauti.

Sailensa ndizo zinazonifanya nitoe nyota 4 badala ya 5. Ni za vyumba, zina mlio mzuri gari likiwa limesimama, lakini kati ya mizunguko 1,900 na 2,200, yaani mwendo wa barabara kuu, kuna mvumo unaojaa ndani ya gari na aliyeketi nyuma anausikia kwenye meno. Zile za tundu lililonyooka, zenye pamba ya kioo pembeni, zinaingia mahali palepale kwa klampu zilezile. Jambo la pili: hazina tundu la kutoa maji. Kama gari ni la safari fupi, toboa la milimita 3 sehemu ya chini kabisa ya kila sailensa, upande wa nyuma, na paka rangi ya joto kila mahali pa kuchomelea. Pale alumini imeshaungua na kutu itaanzia hapo.

Seti za namna hii ni za magari yasiyo na kichujio cha kikemikali (katalitiki konvata, kinachosafisha moshi). Huko Marekani mengi ya kuanzia 1975 yalitoka nacho, na kukiondoa ni kosa kwa sheria ya nchi nzima. Kwa hayo tafuta seti inayoanzia nyuma ya kichujio.