Picha imesafishwa, maneno ya wagomaji yamekatwa nusu

Nimenunua seti ya diski za filamu za hali halisi za Australia, zile zilizopigwa kwenye ukanda wa milimita 16 na sasa zimesafishwa upya: mgomo wa Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, huko Pilbara, kaskazini-magharibi mwa nchi, wasichana waliochukuliwa kwa wazazi wao wakapelekwa kufanya kazi za ndani, wanawake wa viwandani wakidai mshahara sawa na wanaume. Muuzaji simtaji. Hasira yangu ni ya diski ya kwanza, na bado haijapoa.

Picha imekatwa juu na chini ili ijaze televisheni pana, na nusu ya maandishi ya tafsiri yaliyokuwa chini yake imekwenda nayo.

Picha ya milimita 16 ni ya nne kwa tatu, upana kwa kimo. Ukiiweka sawasawa kwenye skrini ya pikseli 1920 kwa 1080, inachukua upana wa 1440, na pembeni inabaki milia miwili myeusi, kila mmoja pikseli 240. Milia hiyo si kasoro, ndiyo dalili kwamba picha iko nzima. Hawa wakaivuta mpaka ikajaa upana wote. Kimo kikafika 1440 wakati skrini ina 1080, kwa hiyo 360 zikatupwa: 180 juu, 180 chini. Robo nzima ya picha! Juu zimepotea kofia na mapaji ya uso, hilo ningevumilia. Lakini maandishi yenyewe yalichapwa kwenye ukanda, hayawashwi wala kuzimwa, na yana mistari miwili. Wa juu umebaki. Wa chini umekwenda.

Kwa hiyo mzee anaulizwa kwa Kiingereza kwa nini aliacha kazi, swali unalisikia lote. Anajibu kwa lugha yake, nawe unapata nusu ya sentensi. Inakuwa hivyo kila anapofungua mdomo, yeye na kila anayezungumza lugha ya kwao.

Na huu ni mgomo uliojengwa kwa tafsiri! Mwaka 1942 wazee wa makundi 23 ya lugha walikutana Skull Springs, hukohuko Pilbara, wakajadiliana kupitia wakalimani mpaka wakaelewana. Dooley Bin Bin, mmoja wa viongozi wao, akazunguka ranchi akigawa kalenda zenye alama kwenye siku ya kuacha kazi, kwa sababu wengi hawakusoma. Tarehe 1 Mei 1946 wakaanza kutoka, wafanyakazi wapatao 800 kwenye ranchi zaidi ya 20, watu waliozoea kulipwa posho ya unga, chai na sukari, wakitaka shilingi 30 kwa wiki. Dooley na kiongozi mwenzake Clancy McKenna walifungwa. Daisy Bindi, mwanamke, aliwaongoza watu wa ranchi ya Roy Hill kujiunga na mgomo. Walishikilia mpaka 1949. Watu wa lugha 23 walielewana porini bila karatasi, halafu kampuni yenye kompyuta inashindwa kutuachia mistari miwili ya maandishi.

Nikawaandikia. Jibu la kwanza: "Mpendwa mteja, rekebisha televisheni yako." Nikawatumia vipimo. Jibu la pili ndilo lililonichoma: kwamba yaliyokatwa ni machache na hadithi bado inaeleweka. Inaeleweka kwa nani? Mngemkata msimulizi wa Kiingereza nusu ya kila sentensi, mngeiuza?

Kabla hujalalamika, hakikisha kwanza kosa si lako, maana televisheni nyingi hukuza picha zenyewe. Ingia kwenye mpangilio wa picha, chagua ukubwa wa asili, zima ukuzaji. Kisha ifungue diski kwenye kompyuta kwa VLC, programu ya kuchezea video, usimamishe picha mahali penye maandishi. Ukiona milia pembeni, diski ni nzima, tatizo lilikuwa televisheni. Picha ikijaa ukingo hadi ukingo na maandishi yakaishia njiani, kilichokatwa hakimo kwenye diski. Usihangaike na herufi C ya VLC, hiyo huongeza kukata, hairudishi kitu.

Nadhani najua walivyofika hapo. Walinakili ukanda wa kuonyeshea sinema, ambao tayari una maandishi, badala ya negativu, ukanda wa asili uliotoka kwenye kamera, ulio safi bila maandishi. Hilo si dhambi, pengine negativu imeharibika: asetati, plastiki ya ukanda, ikianza kuoza hutoa harufu ya siki, husinyaa na kujikunja. Lakini ukianza na ukanda wenye maandishi, milia ya pembeni haina mjadala. Ukitaka kukata, andika kwanza maandishi yote kwenye faili lake, wenye lugha wayakague, ndipo uyapandishe ndani ya picha iliyobaki. Ni kazi ya siku chache kwa filamu ya saa moja na nusu.

Kinachonitesa ni kwamba kwingine wamefanya kazi ya mabingwa. Kwenye ukanda wa milimita 16 sauti hutangulia picha kwa fremu 26, zaidi ya sekunde moja. Wameisawazisha, midomo na maneno vinakwenda pamoja. Hawakuikimbiza filamu kutoka fremu 24 hadi 25 kwa sekunde, kwa hiyo sauti za wanawake hazikupanda zikawa kama za watoto. Chembe za filamu wameziacha, nyuso hazikugeuka nta. Na diski ya pili, ya wale wasichana, haikukatwa kabisa, milia ipo. Unawaona kina mama watu wazima wakieleza jinsi Bodi ya Ulinzi wa Waaborijini ya New South Wales, ambayo tangu 1915 iliweza kumchukua mtoto bila kwenda mahakamani, ilivyoshika mishahara yao na kuwaachia peni chache za matumizi. Sijaona nakala nzuri kuliko hii.

Nilianza na nyota moja. Kwa diski ya pili peke yake ningetoa tano, na nakushauri uinunue hata ukiwa na hasira kama yangu. Halafu narudi kwenye ya kwanza, namwona mzee Mnyangumarta, mtu wa moja ya lugha za Pilbara, akizungumza dakika nzima nami nimebaki na nusu ya kila jibu, nashindwa kupandisha. Nyota mbili. Fedha sikuzidai. Nimewaomba faili la maandishi ya diski ya kwanza, yote, mistari yote miwili. Siku watakayolileta nitarudi hapa kubadilisha.