Tripodi yangu ya pili, na kilichoniangusha kwenye ile ya kwanza

Tripodi, ile stendi ya miguu mitatu ya kushikilia kamera, ya kwanza niliipenda kwa wepesi wake. Ikikunjwa inazama yote kwenye begi la mgongoni. Miguu yake ilikuwa ya vipande vitano, na kwenye boksi iliandikwa inabeba kilo 8. Kamera yangu na lenzi yake hazifiki hata kilo 2, kwa hiyo nikaona hapo hakuna la kuuliza.

Alfajiri moja nikaenda nayo kwenye maporomoko ya maji. Nilikuwa naacha shata, pazia linaloingiza mwanga kwenye kamera, wazi sekunde nzima, wakati mwingine mbili, ili maji yatoke laini kama sufi. Kwenye kioo cha kamera kila picha ilipendeza. Nilipofika nyumbani na kuzikuza kwenye kompyuta, nikakuta mawe yote yana kingo mbili mbili. Picha arobaini, hakuna hata moja ya kuchapisha. Iliniuma kweli, maana ule mwanga ulikuwa umeshapita.

Nikaamua kutafuta tatizo liko wapi. Nikafunga kamera juu ya tripodi, nikaikuza picha ya kwenye kioo mara 10, kisha nikaugonga mguu kwa kidole na kuhesabu. Picha ilicheza sekunde nne nzima ndipo ikatulia. Nikaishusha nguzo ya katikati, ambayo siku ile niliipandisha hadi mwisho: sasa ilikuwa kama sekunde mbili. Nikarudisha ndani vipande viwili vya chini, vile vyembamba kama kalamu, nikagonga tena. Ikatulia hapo hapo. Kumbe zile kilo 8 zilikuwa na maana ya kwamba haitavunjika tu. Kutulia ni habari nyingine kabisa, na kila kampuni inapima uzito huo kwa namna yake.

Jaribio hilo hilo ndilo nililokwenda nalo dukani safari ya pili, na naomba kila anayenunua tripodi alifanye kabla hajatoa pesa. Nikachukua yenye miguu ya nyuzi za kaboni, vipande vitatu, inayofika kidevuni kwangu bila kuinua nguzo. Ukiongeza kichwa cha tripodi, kile kinachoshika na kugeuza kamera, na kamera yenyewe, jicho linakutana na kitundu cha kutazamia bila kuinama. Kaboni ni nyepesi kuliko alumini na mtikisiko unafia ndani yake upesi, lakini msidanganyike na jina: alumini ya miguu minene inaishinda kaboni ya miguu myembamba.

Kichwa nacho kiangalie kwa makini. Mimi natumia cha gololi, kinachogeuka pande zote juu ya mpira mmoja. Funga lenzi yako nzito kuliko zote, lenga kitu, kaza, kisha achia mkono taratibu huku unatazama kioo. Kichwa dhaifu kinainamisha lenzi kidogo tu, upana wa unywele, nawe utakuwa unalenga juu kidogo kila mara ili kufidia. Hilo linachosha mno. Pleti, kile kibamba kinachofungwa chini ya kamera, iwe ya mfumo wa Arca-Swiss unaopokelewa na vichwa vya kampuni nyingi, kwa sababu siku ukibadilisha kichwa, pleti zako utaendelea kuzitumia.

Matumizi yenyewe hayana mengi: mguu mmoja uelekee mbele, chini ya lenzi, anza kurefusha vipande vinene, tumia taimeri ya sekunde 2 ili kidole kisitikise kamera. Zima pia kituliza mtikisiko cha lenzi, kwani baadhi ya lenzi huhangaika zikiwa zimetulia, na siku ile ya maporomoko mimi nilikiacha kimewashwa. Begi ukilitundika kwenye ndoano ya chini ya nguzo ili kuongeza uzito, liguse ardhi, lisibembee na upepo.

Kasoro zipo kwenye hii ya pili. Ikikunjwa ni ndefu, begini haiingii, naibeba begani. Na vifungo vya miguu yake, vya kuzungusha, havipendi mchanga kabisa: nikitoka ufukweni vinasaga, krr krr, hadi nivifungue vyote, nisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, nikaushe na kupaka grisi kidogo. Ni kazi ya kama nusu saa. Mpira wa mguu mmoja ulilegea na kunidondokea majini mwezi wa tatu tu tangu niinunue; siku hizi naikaza yote mitatu kabla sijatoka nyumbani.