TAHADHARI: Kalamu ya umeme "inayosoma" ini lako kwenye kidole

Wakuu, mkiitwa kupimwa "mwili mzima" kwa dakika chache bila kutolewa damu, someni hapa kwanza kabla hamjanyoosha mkono.

Nilimsindikiza shangazi yangu. Alishikishwa bomba la shaba mkono mmoja, na yule jamaa aliyejiita daktari akawa anamgusisha kalamu yenye ncha ya chuma pembeni mwa kucha za mkono mwingine. Ndizo pointi za akupancha (tiba ya Kichina ya kuchoma sindano), akasema, kila moja ina kiungo chake ndani. Mashine inalia wiiii, namba zinapanda. Mizani yao ni 0 hadi 100, na 50 ndiyo afya. Kidole kimoja kikasoma zaidi ya 80: "Mama, ini lina uvimbe." Kingine kikaanguka: "Kongosho limechoka." Kipimo kilikuwa bure. Makopo manne ya dawa yaliyotolewa chini ya meza hiyohiyo hayakuwa bure.

Mimi nilikuwa natazama kidole gumba cha yule jamaa. Alipotaka namba kubwa, kucha yake iligeuka nyeupe kwa jinsi alivyoikandamiza kalamu. Alipotaka ndogo, aligusa tu kama anayejaribu chai ya moto. Nikamwomba arudie kidole cha ini. Ikaja namba nyingine kabisa. Akasema nguvu za mwili "zimeshtuka".

Mashine yenyewe inapima kitu cha kweli, na hapo ndipo wengi tunanaswa. Inapitisha umeme mdogo na kupima jinsi ngozi inavyoukinza. Tabaka la juu la ngozi likiwa kavu, ukinzani wake unaweza kufika makumi hata mamia ya maelfu ya omu. Likiloa jasho unaporomoka. Ukibonyeza zaidi, unashuka, na ukinzani ukishuka namba ya mashine inapanda. Ncha ikiwa pana au nyembamba, namba inabadilika. Ukirudia palepale, ngozi tayari imeshabonywa na kupata unyevu, si ileile ya mwanzo. Kwa hiyo namba ile inakueleza habari za jasho lako na mkono wa anayekupima. Ini halimo.

Wazo lenyewe ni la zamani. Miaka ya 1950 Reinhold Voll huko Ujerumani na Yoshio Nakatani huko Japani walidai kwamba pointi hizi zinapitisha umeme kuliko ngozi ya jirani. Watafiti waliokusanya tafiti hizo mwaka 2008 walikuta majibu yanagongana na nyingi zimefanywa kwa udhaifu. Na hata kama pointi ingepitisha umeme vizuri kuliko ngozi ya pembeni, kutoka hapo hadi "ini lina uvimbe" ni safari ndefu ambayo hakuna aliyeimaliza. Mwaka 2001 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha jaribio la watu 30, nusu wana mzio wa paka au wa wadudu wa vumbi, nusu hawana. Mashine ya ukoo huu ilishindwa kuwatenganisha, na vipimo vilipita 1,500.

Kuna toleo jingine la kompyuta: unashika fimbo, inatoa kurasa na kurasa za majibu. Angalia wanavyoanza kwa kukuuliza umri, jinsia, urefu na uzito. Waambie wakupime mara mbili, ya pili uwape umri mwingine, kisha linganisha karatasi.

Kilichoniudhi hasa si hela. Yule jamaa alimwambia shangazi aache vidonge vya presha wiki mbili "ini lipumzike". Aliacha siku tatu kabla sijajua, na presha ilikuwa imepanda vibaya. Damu ilipopimwa hospitali, ini lilikuwa zima, na kongosho nalo zima.

Makopo tumeyarudisha. Hela anatuzungusha, mara kesho, mara mhasibu kasafiri, na tangu juzi simu haipokelewi. Mkikutana na bomba la shaba na kalamu inayolia, msikae kwenye kile kiti.