Nimepanda muhogo kwenye Stardew Valley: uzoefu wangu wa kutengeneza modi ya kwanza

Mchicha ndio ulionichokoza. Nilikuwa nacheza Stardew Valley, ile gemu ya kilimo ambayo Eric Barone aliitengeneza peke yake na kuitoa Februari 2016, nikafika msimu wake wa tatu na kukuta dukani mbegu zinazoitwa Amaranth. Nikaenda kutafuta maana yake. Kumbe mchicha! Lakini mchicha gani huo: wenzetu wanauita nafaka ya zambarau, hauchumwi majani, unafyekwa kwa mundu kama mpunga. Mtu wa Tanga ukimwonyesha mchicha huo atakuuliza kama umelala vizuri.

Nikaanza kukagua shamba zima kwa jicho la ugomvi. Viazi vipo. Magimbi yapo tangu toleo la 1.5, na embe na ndizi pia ziliingia na toleo hilohilo. Muhogo? Hakuna. Jumamosi ile nikaamua nitauweka mwenyewe kwa modi, yaani nyongeza ambayo mchezaji anaitengenezea gemu, na kwa kuwa sijawahi kusomea kompyuta, nilijua nitaumbuka. Nimeumbuka kweli, ila si pale nilipotarajia.

Vifaa vyenyewe ni vichache na vyote ni bure. Kwanza SMAPI, programu inayokaa kati ya gemu na modi zako. Ukishaisakinisha, kila ukifungua gemu linafunguka pia dirisha jeusi lenye maandishi, na humo ndimo inamokwambia modi ipi imepakiwa, ipi imegoma na kwa sababu gani. Pili Content Patcher, ambayo nayo ni modi, ila kazi yake ni kusoma mafaili yako ya maandishi na kuyageuza kuwa mabadiliko ndani ya gemu. Hapa ndipo penye siri ambayo laiti ningeambiwa mapema: kuongeza zao, chakula, picha au maneno ya wahusika hakuhitaji uandike programu hata mstari mmoja. Unaandika maelezo kwenye faili la JSON (maandishi ya kawaida yaliyopangwa kwa mabano na koma), unaweka picha pembeni, basi. Lugha ya kuandikia programu, C#, inahitajika ukitaka mambo makubwa zaidi, kama kubadilisha namna gemu inavyofanya kazi. Anayekwambia uanze nayo anakurusha kwenye kina kirefu kabla hujajua kuelea.

Tahadhari moja kabla hujafungua video yoyote ya mafunzo: tazama tarehe. Toleo la 1.6 lilitoka Machi 2024 na likabadilisha kabisa namna vitu vinavyoandikwa. Zamani, kuongeza zao jipya ulihitaji modi nyingine ya kati inaitwa Json Assets. Sasa Content Patcher peke yake inatosha. Mimi nilifuata maelekezo ya kabla ya hapo kwa siku mbili nzima, nikisafiri kwa ramani ya mji uliokwisha kuhamishwa.

Sasa kuumbuka. Modi ya Content Patcher inahitaji mafaili mawili: manifest.json, ambalo ni kama kitambulisho chake (jina, mtengenezaji, toleo, na utambulisho usiofanana na wa mtu mwingine), na content.json lenye kazi yenyewe. Niliyaandika yote mawili kwa Notepad, nikayaweka kwenye folda ya Mods, nikawasha gemu. Kimya. SMAPI haikuyaona. Nikafuta, nikaandika upya. Kimya. Usiku wa pili ndipo nilipogundua kwamba Windows huficha herufi za mwisho wa jina la faili, na mafaili yangu kwa kweli yalikuwa yanaitwa manifest.json.txt na content.json.txt. Siku mbili zimeliwa na herufi tatu! Nenda kwenye mipangilio ya folda, washa zionekane, kabla ya kitu kingine chochote.

Yalipoonekana, dirisha jeusi likawa jekundu. Koma imesahaulika. Bano lile lenye kiuno halikufungwa. Halafu nikanakili kipande kutoka Word, ambayo huzipinda alama za kunukuu ili zipendeze, na JSON haizitaki zilizopinda. Kilichoniokoa ni ukurasa wa smapi.io/json: unabandika faili lako, unachagua ni la aina gani, nao unakuonyesha mstari wenye kasoro. Tangu hapo sijawasha gemu kabla sijapita pale. Kitu kingine ni amri ya patch reload. Ukiiandika kwenye dirisha jeusi ikifuatiwa na utambulisho wa modi yako, mabadiliko yanasomwa upya wakati gemu ikiendelea. Kwa laptopu yangu, ambayo kuwasha gemu tu naweza kuteleka chai, amri hiyo peke yake inastahili nyota tano.

Sehemu tamu ikafika, yaani kilimo chenyewe. Gemu ina misimu minne ya siku 28 kila mmoja. Mtu wa pwani atasema sawa, hata sisi tuna minne: kiangazi, masika, kipupwe, vuli. Lakini haioani. Kipupwe chetu hakiui mazao, wakati kwao msimu wa nne ni theluji na kilichobaki shambani kinakufa usiku mmoja. Muhogo nao hukaa ardhini miezi tisa, mwaka, wakati mwingine zaidi. Nifanyeje? Nikauruhusu kwenye misimu yao ya pili na ya tatu, siku 56 kwa jumla, nikaupa siku 40 za kukua. Ukichelewa kuupanda ukapita siku ya 16 ya msimu wa pili, umekula hasara. Hakuna zao la asili la gemu hii linalochukua muda huo, na wapo watakaolalamika. Walalamike, muhogo ni muhogo.

Nilichofurahia mno ni kukuta kwenye maelezo ya mazao sehemu inaitwa NeedsWatering. Kwa kawaida ni ndiyo. Ukiandika hapana, zao halihitaji kumwagiliwa. Nilicheka peke yangu sebuleni! Muhogo ndio zao la njaa, ndilo linalobaki limesimama mahindi yakishakauka, na hapa kumbe aliyetengeneza gemu alishaacha mlango wazi. Sehemu nyingine inakuruhusu kuamua shina moja litoe vipande vingapi, nikaandika vinne, maana hakuna anayeng'oa shina akatoka na muhogo mmoja. Na kwa kuwa muhogo haupandwi kwa mbegu, kitu kinachouzwa dukani kwa Pierre nimekiita Pingili za Muhogo. Gemu haijali jina, inajali tu utambulisho.

Bei ilinipa shida. Mwanzo niliweka dhahabu 150 kwa kipande, mdogo wangu akajaza shamba zima, akalala kitandani siku arobaini, akaamka tajiri. Ikashuka hadi 80.

Picha sikuzipenda kuzichora, nitasema kwa ufupi. Kitu cha mkononi ni mraba wa pikseli 16 kwa 16, na kila hatua ya mmea ni 16 kwa 32. Hatua zangu tano za kukua zilihitaji picha saba, kwa sababu hatua ya kwanza ina sura mbili na mmea uliokomaa una yake. Nilitumia Piskel, ambayo inafanya kazi ndani ya kivinjari. Muhogo wa kwanza ulifanana na kiatu. Wa sita ulifanana na muhogo, nikaacha hapo.

Nikaongeza na mapishi: muhogo wa nazi. Hapa gemu ikanikumbusha niko ugenini. Nazi, ambayo kwetu unaweza kuiokota njiani, kule hupatikana jangwani, na basi la kwenda jangwani ni bovu. Kwa njia ya kawaida unalitengeneza kwa kulipa jumla ya dhahabu 42,500. Ghali kuliko hata msosi wa harusini! Nimeiacha hivyohivyo. Anayetaka muhogo wa nazi na aitafute nazi.

Kushiriki na wengine nilidhani ni kubofya mara moja. Nilichagua tovuti ya Nexus Mods kwa sababu ndiko wachezaji wengi wa gemu hii wanakotafuta. Unafungua ukurasa wa modi, unaandika maelezo, unaweka picha za skrini, unataja kwamba inahitaji SMAPI na Content Patcher, unapakia faili la zip. Kuna kitendawili kidogo: ili SMAPI iweze kuwaambia watu kwamba umetoa toleo jipya, manifest yako lazima iwe na namba ya ukurasa wako, na namba hiyo huipati mpaka ukurasa uwepo. Kwa hiyo tengeneza ukurasa kwanza, chukua namba, iandike, ndipo upakie faili. Mimi nilipakia mara tatu kwa asubuhi moja.

Kosa langu jingine lilikuwa kwenye zip. Nilichagua mafaili yenyewe badala ya folda iliyoyabeba, na mtu wa kwanza kupakua akayafungua yakamwagika ovyo kwenye folda yake ya Mods katikati ya vitu vyake. Aliniandikia kwa upole nisioustahili. Sasa kabla ya kupakia chochote, nakipakua mwenyewe kwenye kompyuta ya mdogo wangu na kukisakinisha kama mgeni.

Usiruke ukurasa wa ruhusa. Unaulizwa kama watu wanaweza kutafsiri modi yako, kuibadilisha, kuiweka kwingine. Niliujaza haraka bila kusoma, na baada ya wiki chache nikaukuta muhogo wangu kwenye tovuti nyingine nisiyoijua, umezungukwa na matangazo, na lile toleo lenye bei ya 150. Niliandika kuomba uondolewe, sikujibiwa. Siwezi kusema imeniumiza sana, muhogo ni wa wote, lakini makosa yangu ya zamani yanatembea kule bila mimi kuweza kuyarekebisha.

Jambo moja nililofanya vizuri kwa bahati ni kuyaweka maneno yote kwenye folda ya i18n, ile ya tafsiri, badala ya kuyachanganya ndani ya content.json. Faili la msingi nimeliandika kwa Kiingereza, kwani gemu yenyewe haina Kiswahili, ila majina ya Muhogo na Muhogo wa Nazi hayajaguswa. Kwa mpangilio huo mtu akitaka kutafsiri anachukua faili moja tu. Na alitokea, Mbrazili, akaniomba ruhusa ya kuweka Kireno. Muhogo wenyewe asili yake ni Amerika ya Kusini, Wareno ndio walioubeba mpaka Afrika karne ya 16, kwa hiyo nilimjibu kwamba namrudishia chake. Akauliza mbona sijaweka unga wake wa kukaanga. Nikamwambia mbona yeye hajaweka nazi.

Nyota zangu: SMAPI tano. Content Patcher tano, ingawa maelezo yake ni marefu na yako kwa Kiingereza, kwa hiyo yasome kwa vipande, ukianza na mfano mmoja mdogo unaofanya kazi. Notepad nyota moja. Pakua Notepad++ au VS Code inayokupakia rangi mabano yasipokutana. Mimi mwenyewe, mtengenezaji, tatu.

Swali ambalo sina jibu lake ni moja. Muhogo nimeuandika kwenye kundi la mboga, na kwenye gemu hii karibu mboga yoyote ukiitia kwenye pipa inatoka juisi. Kwa hiyo sasa ipo juisi ya muhogo. Watu wananiuliza inafananaje. Wanaiuza kwa bei nzuri, mimi nimenyamaza.