Jeli ya mwani kwa nywele za mawimbi: miezi saba nimetumia, hichi ndo nilichokiona

Mwenzenu nina nywele ambazo kwetu hazina jina. Si singa, si kipilipili. Nilipokuwa mdogo Wete, Pemba, bibi alikuwa ananikalisha ukumbini, ananipaka mafuta ya nazi mpaka yanachuruzika shingoni, ananisuka ule msuko wa twende kilioni, basi, kesho chuoni. Nimekua hivohivo mpaka nna miaka 26 sijui kama hizi nywele ukiziacha zenyewe zinajikunja, mana sijawahi kuziacha. Nikiziachia zinatimka, nazifunga fundo, navaa ushungi wangu, nani ataona.

Walioona ni wa kwenye harusi. Mwezi wa 10 mwaka jana, kulekule Pemba, mji wa Chake Chake, harusi ya binamu yangu, tumeshavua mabuibui tumo ndani wanawake watupu, kila mtu kichwa chake kimepambwa vikuba na asumini, mie nimeziachia nikijua nimependeza, shangazi akaniangalia toka juu mpaka chini akasema "mwanangu, ndo umeamka sasa?" Nilicheka na wenzangu lakini usiku nilikesha YouTube.

Huko YouTube wanakwambia acha shampuu kali yenye salfeti, tumia kondishena nyingi, usichane nywele zikiwa kavu, paka jeli zikiwa zinachuruzika maji, kausha kwa fulana sio taulo. Yote kweli, sina ugomvi nayo. Niliporudi Unguja nikaenda sokoni Darajani nikanunua shampuu, kondishena, krimu na jeli ya nje, elfu sitini na nane ziliniondoka siku moja na mshahara ulikuwa haujafika hata wiki. Wiki tatu za mwanzo mashallah, vikunjo vinaonekana, nikawa najiangalia kwenye kioo cha mlango wa kabati kila nikipita. Wiki ya nne nywele zikawa kama makumbi ya nazi. Ngumu, kavu, hazina mng'aro, na jeli juu inanata kama nimepaka asali. Nikaongeza kondishena, zikazidi. Nikaongeza krimu, ndo balaa.

Jibu nililipata kwa bahati. Mwezi wa 12 nilirudi Wete wiki mbili, mvua za vuli bado zinapiga, bibi anakinga maji ya bati kwenye pipa na ndo tunayokogea. Nikaosha kwa shampuu ileile niliyobeba, kondishena ileile, jeli niliisahau mjini. Zilipokauka nikashindwa kuamini, laini, zimejikunja vizuri, bila jeli! Bibi akasema "si nilikwambia Pemba pazuri", lakini haikuwa Pemba, ilikuwa maji. Mie mjini naishi Mpendae, tunatumia kisima, na birika letu la chai ndani lina gamba jeupe nene ukiligonga linabanduka. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, maji yakipita humo chini yanabeba chokaa, sasa kama inaganda kwenye birika kwa nini isigande kichwani kwangu? Na sabuni ya kipande ndo mbaya zaidi kwa maji haya, inashikana na ile chokaa inakuwa utando, ule ule unaouona kwenye beseni baada ya kufua.

Kwahiyo nasema mapema, kabla sijafika kwenye hiyo jeli: kama uko mjini na nywele zako zinakataa kila kitu, angalia birika lako kwanza kabla hujaenda Darajani. Sasa hivi suuzo la mwisho natumia maji ya mvua yakiwepo, yasipokuwepo natia kijiko kikubwa kimoja cha siki kwenye jagi la lita mbili, namwagia, nasuuza. Nilianza na ndimu sikwambii uongo, mana ndimu haikosekani jikoni, nikakamua mbili nikajimwagia, nikatoka kuanika nguo saa sita mchana, siku mbili baadae shingo imetoka baka jeusi kama nimeungua na pasi. Kumbe ndimu na jua haviendi pamoja kwenye ngozi. Lile baka limekaa zaidi ya mwezi, kila mtu ofisini ananiuliza nimefanywa nini.

Haya, jeli yenyewe. Mwezi wa kwanza ofisini walitupeleka Paje Jumapili, wenzangu wanapiga picha mie nikakaa na bi mkubwa mmoja anauza sabuni za mwani kwenye mkeka, na pembeni ana vikopo vya jeli, shilingi 7,000 kikopo cha kama robo lita. Nikamuuliza ya nini, akasema ya uso na nywele. Nikamwambia bi mkubwa nywele zangu tatizo, akasema vua ushungi nione, hapo hapo hakuna mwanamme karibu nikafungua kidogo, akashika ncha akasugua kwa vidole kama anapima kanga dukani. "Hizi zinataka kushikwa, hazitaki kulishwa." Nilicheka lakini nilimuelewa baadae.

Tukazungumza. Kilimo cha mwani kilianza upande huo, Paje na Jambiani, 1989, mbegu imetoka Ufilipino, na wengi wanaolima mpaka leo ni wanawake. Kuna aina mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ndo yenye bei lakini bahari ikipata joto inaoza kwenye kamba, kwahiyo wengi wamebaki na spinosamu ya bei ya chini. Mwingi unakaushwa unasafirishwa nje, huko viwandani wanatoa kitu kinaitwa karajinani, ndo kinachofanya dawa ya meno na aiskrimu iwe nzito. Mie nikawaza, yani tunauza mwani mkavu halafu tunanunua jeli ya kopo kutoka nje kwa elfu ishirini. Nikachukua vikopo viwili.

Jinsi ninavyopaka: nikishatoa kondishena nywele bado zinachuruzika, nachukua jeli kama ya kujaa kiganja, naipitisha kwa mikono kama naomba dua, halafu nainama nafinya kutoka chini kwenda juu, nafinya, nafinya, mpaka nasikia ile sauti ya chapchap. Halafu nazifunga kwa kanga kuukuu, sio fulana, kanga iliyofuliwa miaka kumi ni laini kuliko fulana yoyote. Robo saa naiondoa naziacha. Zikikauka zinakakamaa kama kanzu iliyotiwa wanga, usiogope, hapo ndo zimeshika. Unatia matone mawili ya mafuta ya nazi kiganjani unazifinya tena zinalegea, vikunjo vinabaki.

Na kweli vinabaki. Siku tatu. Ile jeli ya nje ilikuwa haifiki siku moja, na nadhani najua kwa nini, nilisoma kopo lake, gliserini ndo kitu cha pili baada ya maji. Gliserini inavuta maji kutoka hewani, sasa hewa ya Unguja si unaijua, chumvi tu kwenye kopo inalowa, nywele zinavimba zinatimka. Huko kwao pengine hewa kavu inawafaa. Bi mkubwa jeli yake ina mwani, maji na mafuta ya mlangilangi kidogo, basi.

Sasa kasoro zake, mana zipo. Ya kwanza, inanuka bahari. Mlangilangi unajitahidi lakini dakika kumi za mwanzo unanuka kama dau limeingia pwani. Ikikauka harufu inakwenda. Ya pili, haina dawa ya kuizuia isiharibike, nje ya friji siku mbili imeshachacha, ndani ya friji mie naipa wiki moja tu, na kikopo hakina tarehe. Kikopo changu cha pili nilikitupa nusu mana kilianza kuota ukungu pembeni. Ya tatu, ukiichanganya na krimu nzito inatoa vipande vyeupe vyeupe, watu watasema una mba. Chagua moja. Mie krimu nimeacha kabisa, hapo ndo nilipoelewa yale maneno ya kulishwa na kushikwa.

Nikajaribu kutengeneza mwenyewe, mana Paje sio karibu. Mara ya kwanza nilinunua mwani mkavu, nikausuuza mara moja nikauchemsha, nikapaka. Lahaula. Ule mwani mkavu umejaa chumvi ya bahari, nywele zilikuwa kama nimeogelea Forodhani mchana kutwa kisha nikalala na maji yake. Mara ya pili nikauloweka usiku kucha, nikabadilisha maji mara tatu mpaka nikiyaonja hayana chumvi, kikombe kimoja cha mwani kwa vikombe vinne vya maji, moto mdogo kama dakika ishirini. Unachuja ungali wa moto, ukisubiri upoe inaganda yote na mwani ndani hutoi kitu. Kichujio kilikuwa kidogo nikachukua kifumbu cha mama. Mama alipokiona kina mabaki ya kijani alinyamaza, halafu akaniuliza taratibu, "na wali wa leo tui nitalikamulia wapi?" Nimemnunulia kipya. Jeli ilitoka nzuri lakini kusema kweli kazi na gesi yake, elfu saba ya bi mkubwa sio ghali.

Kuna mambo mawili video za YouTube hazitakwambia mana wanaozitengeneza hayawahusu. La kwanza ni ushungi. Nlikuwa naosha asubuhi naingia kazini na nywele mbichi chini ya ushungi wa pamba, jioni nikifungua zinavunda, na mbele zimesagika. Sasa naosha Jumamosi baada ya adhuhuri nashinda nyumbani, zikauke kabisa, na ndani ya ushungi navaa kikofia cha satini. Hicho kikofia elfu nne pale Darajani kimefanya kazi kubwa kuliko ile kondishena ya elfu ishirini na mbili.

La pili udhu. Mara tano kwa siku unapaka maji kichwani, na jeli hii ikipata maji inalegea, kwahiyo utosi na paji la uso panatimka kabla ya alasiri hata ufanye nini. Shoga yangu mmoja aliniuliza kama jeli inazuia maji yasifike nywele, mie nlichokiona inayeyuka upesi, ukipitisha kiganja chenye maji unaisikia utelezi, zaidi ya hapo muulize shehe wako mie sio mufti. Ninachofanya, nikimaliza udhu nafinya zile za mbele mara mbili tatu zikiwa bado na unyevu, ile jeli iliyolegea inashika tena. Sio kama mwanzo, ila zinapita.

Kuhusu mafuta ya nazi, bibi alikuwa sawa nusu. Mafuta ya nazi ni katika mafuta machache yanayoingia ndani ya unywele wenyewe, na yanasaidia nywele zisipoteze protini wakati wa kuosha, kwahiyo wakati wake ni kabla. Mie napaka Ijumaa usiku naosha kesho yake. Bibi alikuwa anapaka baada, kila siku, juu ya yale ya jana, na vumbi la chuoni juu yake.

Wengine mmenishauri unga wa mkunazi badala ya shampuu, nimejaribu mara mbili, unatoa povu na unasafisha vizuri tu, lakini punje zake kwenye nywele zilizojikunja kuzitoa ni kazi ya saa nzima. Halafu mama hataki niuweke bafuni, kwake yeye mkunazi ni wa josho la maiti, akinusa anauliza nani amefariki.

Kwa hiyo nampa bi mkubwa nne kati ya tano. Kama nywele zako ni za mawimbi au vikunjo vilegevu kama zangu inafaa sana. Dada yangu ana kipilipili kabisa, kwake ilishika kwa siku moja tu halafu zikakauka, akarudi kwenye siagi yake ya shea na kusuka, na zake zinapendeza kuliko zangu. Masika yalipoanza nayo ilinishinda, siku ya mvua ya kutwa hakuna jeli itakayokusaidia, nilizifunga fundo mpaka mwezi wa tano.

Ile nyota moja nimeikata kwa sababu ya tarehe, na nilimwambia mwenyewe kwa simu, bi mkubwa andika tarehe watu wasije wakapaka kilichochacha. Akasema ahsante mwanangu nitaandika. Kikopo cha juzi kimekuja kweli kina tarehe, kaiandika kwa kalamu ya wino juu ya mfuniko, na nilipokitoa kwenye friji imeshafutika.