Linux Mint kwenye steshenari yangu: miezi minane bila kraki

Nina steshenari ndogo Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu. Ndani kuna kompyuta tatu za mezani, laptopu moja, printa mbili, mashine ya fotokopi na ya laminesheni. Wateja wangu ni wanafunzi wa vyuo, watu wanaoomba ajira, kamati za harusi, na wazee wanaotaka kuandikiwa barua ya kupeleka kwa mtendaji. Tangu Machi 2025 kompyuta zote tatu za mezani zinatumia Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows. Nimekaa miezi minane kabla ya kuandika haya, kwa sababu kitu kipya hupendeza kila mtu wiki ya kwanza, na mimi nilitaka kwanza kipite msimu wa maombi ya vyuo na msimu wa wanafunzi kukabidhi tafiti zao.

Nilihama kwa tukio moja. Jumatatu ya Januari nilifungua duka, nikawasha mashine, nikaona mafaili yote yamebadilika alama yakawa meupe. Kila jina la faili lilikuwa limeongezewa herufi nne mwishoni, na katika kila folda kulikuwa na faili moja la maandishi ya Kiingereza: mafaili yako yamefungwa, lipa dola 980 upewe ufunguo, ukiwahi ndani ya saa 72 utalipa nusu. Wataalamu wa usalama wa kompyuta wanaiita familia hii ya virusi STOP au Djvu, na mlango wake mkubwa unajulikana kabisa: kraki, yaani kijiprogramu cha kufungulia programu ya kulipia bila leseni. Windows yangu ilikuwa imepigwa na fundi kwa shilingi elfu kumi, pamoja na Office na programu ya picha, zote zimefunguliwa kwa kraki. Na wiki iliyotangulia nilikuwa nimepakua kraki nyingine kwa mkono wangu mwenyewe, ya programu ya kuhariri PDF.

Binti mmoja wa mwaka wa tatu alikuwa ameacha sura ya nne ya utafiti wake kwenye mashine ile, na fleshi yake ililala imechomekwa.

"Kaka, hata kurasa chache haziwezi kurudi?"

"Hazirudi mdogo wangu. Zimefungwa zote."

Hakunigombeza. Alikaa kwenye benchi muda mrefu, kisha akatoa kwenye begi nakala ya karatasi ambayo msimamizi wake alikuwa ameijaza wino mwekundu. Tuliichapa upya kutoka hapo, usiku tatu, bila malipo. Majedwali mawili hayakuwamo kwenye nakala ile, ikabidi arudi kwenye madodoso kuhesabu upya.

Tangu siku ile nilianza kuitazama ile mashine kwa jicho jingine. Ndani yake mlikuwa na vyeti vya kuzaliwa vilivyoskaniwa, namba za NIDA, vyeti vya kidato cha nne, nywila za akaunti za kuombea mkopo na ajira ambazo watu waliziandika mbele yangu bila wasiwasi. Hii ni amana. Mtu anayekuachia cheti cha mwanawe ukiskani hajui kraki ni nini, wala hana sababu ya kujua. Anakuamini wewe mwenye duka.

Linux nilikuwa nimeisikia zamani. Mwaka 2009 chumba cha kompyuta cha shule yetu kilikuwa na CD ya Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, iliyokuja kwa posta bila malipo. Enzi hizo walikuwa wanazituma bure dunia nzima kwa aliyeomba. Ubuntu ilianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, toleo la kwanza likatoka Oktoba 2004, na jina lake ni lile lile neno letu la utu, katika lugha za ndugu zetu Wazulu na Waxhosa. Mint imejengwa juu ya Ubuntu. Aliianza Mfaransa Clément Lefèbvre mwaka 2006, nayo inapendwa kwa sababu ukiiwasha unakuta menyu kona ya chini kushoto na saa kulia, kama mtu aliyezoea Windows anavyotarajia. Kijana wangu wa dukani hakuhitaji somo. Alikaa, akafungua, akaanza kuchapa.

Mashine zangu ni Core i5 za kizazi cha nne, za mtumba, RAM GB 4 kila moja, nilizozinunua Kariakoo kwa shilingi laki mbili na nusu kila moja. Kwa masharti yaliyotangazwa, Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), na kwa prosesa za Intel ni kuanzia kizazi cha nane. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa upo mpango wa kuongezewa mwaka mmoja wa masasisho ya usalama. Leseni ya Windows 11 Home bei yake Marekani ni dola 139. Hiyo ni zaidi ya thamani ya kompyuta yenyewe niliyoketi mbele yake. Mint inakubali hata RAM ya GB 2, wao wanashauri 4, na toleo la 22 litapata masasisho hadi 2029. Faili la kusakinisha ni karibu GB 3. Nilinunua bando la usiku, nikalipakua, nikaliweka kwenye fleshi. Jambo zuri ni kwamba unaweza kuiwasha kutoka kwenye fleshi ukaijaribu bila kugusa diski. Nilijaribu intaneti, sauti na printa kabla ya kufuta chochote.

Printa moja ilitambuliwa papo hapo. Ya pili, ya leza, nilihangaika nayo siku mbili, kwa sababu draiva yake ya Linux (programu ya kuiendesha) ilibidi nikaitafute mwenyewe na kuisakinisha kwa kuandika amri. Ukiwa na duka, hilo ni jambo la kuangalia mapema kuliko yote. Tafuta kwanza aina yako ya printa inafanyaje kazi na Linux, ndipo ufute Windows.

Sasa nije kwenye kinachowaumiza watu wa kazi yetu, nacho ni Word. Mint inakuja na LibreOffice, programu za ofisi za bure; ya kuchapia inaitwa Writer na ya kuchorea Draw. Mwanafunzi akileta faili la docx, Writer inalifungua, lakini wiki za kwanza jedwali la yaliyomo lilikuwa linasogea na ukurasa wa 46 unakuwa wa 48. Nililaumu programu hadi nilipoelewa kiini. Faili la Word kwa kawaida halibebi fonti zake, linabeba majina tu. Word ilitumia Calibri kama fonti ya kawaida tangu 2007, na matoleo ya karibuni yanatumia Aptos. Fonti hizo hazimo kwenye Linux, kwa hiyo kompyuta inaweka nyingine badala yake. Upana wa herufi ukitofautiana kidogo tu, mistari inavunjika mahali pengine na kurasa zinasogea. Dawa ipo kwa sehemu. Fonti za Liberation zina upana sawasawa na Times New Roman na Arial, Carlito ina upana wa Calibri, Caladea wa Cambria. Nilihakikisha zote zimo. Kwa kuwa vyuo vingi vinadai Times New Roman, tafiti nyingi sasa zinafunguka kama zilivyo. Ya Aptos bado yanasumbua, na hayo namwomba mteja ayageuze kuwa PDF kwenye simu yake kabla hajayaleta. Kwa kuprinti na kubaindi PDF inatosha. Kwa kurekebisha haitoshi, ndiyo maana ile laptopu, ambayo ilikuja na Windows 11 halali tangu dukani, nimeiacha ilivyo.

Laptopu ile ina kazi nyingine pia: kadi. Kila mwenye steshenari anajua kadi za harusi, sendofu na kipaimara zinatengenezwa kwenye Publisher ya Microsoft, na kamati hurudi mwaka ufuatao na kusema "weka jina la bibi harusi mpya kwenye ile ile". Publisher haiendi kwenye Linux. Draw ya LibreOffice inayafungua mafaili ya pub, ila maua ya pembeni yanahama na maandishi ya kupinda yananyooka. Nakubali hapo Mint haijanifaa.

Lakini kuna mambo mawili ambayo kwa hayo peke yake sitarudi nyuma.

La kwanza ni fleshi. Kabla ya hapo kila fleshi iliyoingia dukani ilikuwa hatari. Mnakijua kile kirusi kinachogeuza mafolda kuwa njia za mkato, mwanafunzi anabofya, kirusi kinaingia kwenye mashine, na mwanafunzi mwingine anaondoka nacho. Kwenye Mint, fleshi ile ile ukiichomeka unaviona vyote wazi: njia za mkato za bandia zenye mwisho wa lnk, faili la vbs, na folda halisi iliyofichwa. Haviwezi kujiendesha hapo kwa sababu viliandikwa kwa ajili ya Windows. Navifuta, naifichua folda ya mteja, namrudishia fleshi safi. Wapo wanaokuja kwa kazi hiyo tu sasa. Simaanishi Linux haidukuliwi. Ukiandika nywila yako kwenye tovuti ya matapeli, mfumo wowote ule hautakuokoa.

La pili ndilo lililonigusa zaidi, na sijaona watu wengi wakilitaja. Katika mipangilio ya dirisha la kuingilia kuna sehemu ya kuruhusu mgeni. Huja ikiwa imezimwa; iwashe. Mteja anayekuja kuomba ajira au mkopo anaingia kama mgeni, anafungua Firefox, anaandika nywila yake, anapakia vyeti vyake, anaprinti. Akimaliza anatoka, na kila alichokiacha kinafutwa: historia ya kivinjari, nywila, vyeti alivyopakua, vyote. Anayefuata anakuta mashine tupu. Zamani nilikuwa napita kila jioni nikifuta folda ya vilivyopakuliwa, na hata hivyo nilikuwa nakuta akaunti ya barua pepe ya mtu wa juzi iko wazi. Nimebandika karatasi ukutani: "Hakikisha umetuma au umehifadhi kwenye fleshi kabla ya kutoka." Mzee mmoja aliisoma, akaniuliza maana yake, nikamweleza.

"Kwa hiyo mwanangu, nikitoka hapa hakuna atakayekiona hiki cheti cha marehemu mama yako mkubwa?"

"Hakuna, mzee wangu. Kinafutika."

Akaketi, akaendelea na maombi yake ya mirathi.

Picha za pasipoti natumia GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha. Ilinichukua kama wiki mbili mkono kuzoea, maana vitufe viko kwingine. Kubadilisha rangi ya nyuma ikawa ya bluu na kupanga picha nane kwenye karatasi moja inafanya vizuri. Kwa mabango makubwa ya rangi za uchapaji wa kiwandani nisingeitegemea.

Kiswahili je? Hapa nina uchungu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux, uliotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. LibreOffice imetokana na OpenOffice hiyo hiyo, ilipojitenga mwaka 2010. Microsoft nao miaka hiyo walileta sura ya Kiswahili kwenye Windows na Office. Pande mbili zilikuwa zinashindana kutuandikia kwa lugha yetu. Leo, miaka zaidi ya ishirini baadaye, Mint niliyonayo imetafsiriwa kwa Kiswahili nusunusu, menyu inachanganya lugha mbili, nikaamua kuiacha kwa Kiingereza. Kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili ipo, nimeiwasha kwenye Writer. Inanisaidia kuona makosa ya vidole, ingawa inapigia mstari mwekundu maneno mengi yaliyo sahihi, hasa vitenzi virefu. Tafsiri ya programu huria inaweza kuongezwa na yeyote anayejitolea. Nimeanza kuuliza vijana wa chuo wanaosoma Kiswahili kama wako tayari tukae Jumamosi tuifanye pamoja, na wawili wamekubali.

Bando linaenda kiasi gani? Kisimamizi cha masasisho kinakuonyesha ukubwa kabla hujakubali, na hakilazimishi saa. Mimi nasasisha Jumapili usiku. Angalizo ni programu za Flatpak, zile zinazokuja kwa kifurushi chake pekee; moja inaweza kuvuta mamia ya MB kwa sababu inabeba vitu vyake vyote. Chagua ile ya kawaida ikiwa ipo. Na iwashe Timeshift, programu inayohifadhi nakala ya mfumo, siku ya kwanza. Nilipopandisha Mint kutoka toleo la 22.1 kwenda 22.2 mwezi Septemba sikupata tatizo lolote, lakini nilijua nikiharibu kitu naweza kuurudisha mfumo ulivyokuwa jana yake. Timeshift inalinda mfumo tu. Kazi za wateja nazinakili kwenye diski ya nje kila jioni, kisha naichomoa na kwenda nayo nyumbani. Hilo la kuichomoa nilijifunza Januari.

Nani nisingemshauri? Anayeishi kwa CorelDRAW na Publisher kutwa nzima, na mhasibu ambaye programu yake ya hesabu ni ya Windows pekee. Kwa steshenari ya kuchapa, kuskani, kuprinti na maombi ya mtandaoni, weka Mint kwenye mashine moja kwanza, ile inayotumiwa na wateja, ukaone.

Kwa upande wangu kazi iliyobaki ni kadi. Microsoft wametangaza kwamba huduma ya Publisher itaisha Oktoba 2026, kwa hiyo hata walio kwenye Windows watakutana na swali hili. Nina kadi kama mia mbili za pub kwenye ile laptopu. Kila jioni baada ya kufunga hesabu nazihifadhi tano kama PDF, kisha nazichora upya kwenye Draw zile zinazoombwa mara kwa mara. Ya kipaimara yenye njiwa ndiyo niliyoimaliza jana.