Kichanja cha vyombo cha kromi: tazama ncha za mabomba kabla hujalipa

Nimekinunua Mlandege, mjini Unguja, kwa shilingi 45,000. Ni kichanja cha kuanikia vyombo, cha ghorofa mbili, cha mabomba membamba yaliyochovywa kromi. Kwa umbo sina la kukilaumu: sahani zinakaa vizuri, vikombe vina mahali pake, hakiyumbi. Ninachokilaumu ni kinachotoka ndani ya mabomba.

Masika ilipoanza, na hewa ya Unguja mnaijua inavyojaa unyevu, kwenye ncha za miguu, pale kinapochomekwa kile kifuniko cha plastiki, pakawa panatoka matone ya manjano kama maji yaliyooshewa bizari. Kutu haiko hivyo. Kutu ina wekundu wa udongo, na ukiipangusa inakuachia ungaunga kidoleni. Haya yalikuwa maji maangavu kabisa, na yaliposhika kitambaa cheupe yakaacha doa.

Kaka yangu anasomesha kemia sekondari. Alichukua pamba yenye difenilkabazaidi (dawa ya kupimia kromi) iliyotiwa asidi, akaipitisha kwanza juu ya chuma kinachong'aa. Ikabaki nyeupe. Pamba ya pili akaigusisha kwenye ncha ya mguu, na hapo hapo ikageuka zambarau. Rangi hiyo ndiyo inayoonesha kromi-sita, yaani kromi ya aina yenye sumu.

Nisieleweke vibaya: kromi yenyewe, ile ngozi ya chuma inayong'aa, si sumu. Vijiko na masufuria mengi ya stenlesi yana kromi asilimia 18 na nikeli 8, na tunayapikia kila siku. Shida ni dawa ya kuchovyea. Kiwandani chuma huzamishwa ndani ya asidi ya kromi na kupitishiwa umeme, kisha inatakiwa kisuuzwe sana, na mabaki ya kromi-sita yageuzwe kuwa kromi-tatu, ambayo madhara yake ni madogo mno. Anayefanya haraka husuuza nje tu. Ndani ya bomba na chini ya maungio ya kuchomelea dawa inabaki, ikisubiri unyevu iyeyuke na kutoka. Na jikoni kwetu unyevu haukosekani.

Hatari yake sitaikuza. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kromi-sita katika kundi la 1, yaani imethibitika kuleta saratani kwa binadamu, lakini ushahidi mkubwa ni wa mapafu ya wafanyakazi wanaovuta mvuke na vumbi lake viwandani. (Hao ndio ninaowahurumia zaidi, kama bidhaa imefika kwangu na dawa ndani, wao walikuwa wamesimama juu ya beseni la hiyo dawa.) Kwa sisi wa nyumbani la kwanza kuogopa ni ngozi: mzio wa kromi ukishakupata, hukaa nawe miaka, na mikono huwasha na kupasuka. Juu ya hayo, hiki ni kitu cha kuwekea sahani za watoto.

Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 0.1 ya kromi-sita kwenye bidhaa za umeme tangu Julai 2006, na miligramu 3 kwa kilo kwenye ngozi za viatu na mikoba tangu Mei 2015. Kichanja cha vyombo hakimo katika hizo mbili.

Muuzaji alinirejeshea pesa bila ya maneno, namshukuru. Nilimwomba avitoe na vilivyobaki. Bado vimepangwa mbele ya duka, na hilo linaniuma.

Nyota 1 kati ya 5. Ukiwa unakitaka cha kromi, ng'oa vifuniko vya miguu pale pale dukani, umulike ndani kwa tochi ya simu, na upanguse maungio kwa karatasi nyeupe iliyolowa. Ukiona manjano, kirudishe. Kama unacho nyumbani tayari, usikioshe kwa mikono mitupu. Mimi sasa natumia cha stenlesi, shilingi 70,000, na miguu yake ni ya nondo nzima isiyo na tundu.